Nani Kalipwa? Uhakiki wa Dhana ya "Uharamia" wa Muziki: Kutoka Ngoma za Burundi hadi Vibanda vya Buyenzi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya "uharamia" inavyotumiwa katika mijadala ya Kiswahili kuhusu kupakua na kunakili muziki bila malipo. Hoja yake ni kwamba swali la iwapo msikilizaji amelipa halitoshi kupima uadilifu wa tendo hilo, kwa kuwa historia ya muziki wa Burundi inaonyesha kwamba malipo yanaweza kutolewa kwa ukamilifu dukani na mwenye jasho asipate kitu. Kwa kusoma pamoja mkasa wa rekodi ya ngoma za Burundi ya mwaka 1967 na biashara ya kujaza nyimbo kwenye kadi za simu mjini Bujumbura, makala yanapendekeza tendo hili lipimwe kwa dhana ya dhuluma ya ujira badala ya wizi wa mali, na yanaeleza tofauti hiyo inabadilisha nini katika sera.

Maneno makuu: hakimiliki, hakishiriki, mrabaha, uharamia, ngoma za Burundi, Buyenzi

1.0 Utangulizi

Katika mtaa wa Buyenzi, uliojulikana tangu enzi ya Wabelgiji kuwa mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kuna vibanda vidogo vyenye kompyuta moja, spika moja na nyaya nyingi. Mteja huingia na simu yake au kadi ya kumbukumbu, hutaja anachokitaka, iwe nyimbo mpya za Dar es Salaam, rumba ya Kinshasa au nyimbo za Kirundi za harusi, na baada ya dakika chache kadi imejaa. Hulipa noti ndogo akaondoka. Vibanda vya namna hiyo viko pia Bwiza na Kamenge, na hakuna msomaji kutoka Kigoma, Uvira, Mombasa au Kampala atakayehitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa anavyo mtaani kwake.

Katika mijadala yetu ya kitaaluma na ya kisera, tendo hilo lina jina tayari: uharamia. Mwenye kibanda ni haramia, na mteja wake, au kijana anayepakua nyimbo hizo mwenyewe kutoka intaneti, ni mshirika wa haramia. Jina likishatolewa, uchunguzi wa kimaadili huishia hapo. Kinachobaki ni kujadili adhabu. Makala haya yanarudi nyuma ya jina hilo. Yanauliza kama linaeleza kweli kosa linalotendeka, na kama waliotuletea jina hilo walikuwa na mikono safi walipolitamka.

Nakiri mapema kwamba sizungumzi kutoka juu ya mnara. Nyimbo za Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi aliyeipeleka sauti ya Kiswahili katika majukwaa ya Ulaya kwa albamu kama ile ya Sambolera ya mwaka 1996, zilinifikia mara ya kwanza katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, ambayo nayo ilikuwa imenakiliwa. Sauti ilikuwa hafifu kama ya mtu anayeimba nyuma ya pazia. Jina la mwimbaji lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino, na lilikuwa limekosewa. Nitalirejelea kosa hilo la jina, kwa sababu naamini ndilo kubwa kuliko yote yaliyokuwa katika kaseti ile.

2.0 Haramia ni nani?

Neno haramia katika Kiswahili ni mnyang'anyi, hasa yule wa baharini. Anapanda jahazi la mtu, anachukua shehena, na mwenye jahazi anabaki mikono mitupu. Sifa ya msingi ya tendo hilo ni uhamishaji: kitu kilikuwa kwangu, sasa kiko kwake. Wimbo haufuati kanuni hiyo. Kijana wa Buyenzi akiupakua, mwimbaji bado anao, studio bado inao, na jirani aliyeununua bado anao. Kama kuna kilichopotea, si wimbo.

Hoja hii si ngeni, na wengi walioitoa kabla yangu waliitumia kuhalalisha kila kitu: kwa kuwa hakuna kilichoondolewa, basi hakuna aliyedhulumiwa. Hapo ndipo ninapoachana nao. Kiswahili kina neno lingine ambalo mijadala yetu imelisahau. Neno hilo ni dhuluma. Mtu anaweza kumdhulumu mwenzake bila kugusa mali yake hata moja, kwa kumnyima tu kile anachostahiki. Mwenye shamba anayemtumia kibarua mchana kutwa kisha jioni akamfungia mlango hajamwibia jembe. Amemla jasho. Buyenzi ni mtaa wenye misikiti mingi, na mafundisho ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka yanajulikana huko hata na watoto wa chuoni. Kwa hiyo dhana tunayoihitaji iko karibu nasi kuliko ile tuliyoiazima.

Na kweli tumeiazima. Mwaka 1981 chama cha makampuni ya santuri ya Uingereza kilianzisha kampeni dhidi ya watu waliorekodi muziki nyumbani kwa kaseti. Nembo yake ilikuwa kaseti yenye umbo la fuvu la kichwa, na chini yake mifupa miwili iliyopishana: bendera ya maharamia. Ujumbe wake ulikuwa kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Taswira hiyo ilizunguka dunia na kupenya katika lugha nyingi, ikiwemo ya kwetu. Nimeutaja mwaka huo kwa makusudi. Katika mwaka huohuo, maduka ya santuri ya Uingereza yalikuwa yakiuza kwa mara ya pili rekodi moja iliyotoka Burundi, na waliozipiga ngoma zilizosikika ndani yake hawakuwa na fungu katika mauzo hayo.

3.0 Santuri ya ngoma na safari yake

Ngoma za Burundi zilirekodiwa mwaka 1967 na watafiti wa Kifaransa, kazi inayohusishwa na Michel Vuylsteke, kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikikusanya muziki wa jadi wa nchi nyingi. Santuri ilitoka mwaka uliofuata.

Inafaa kuutazama mwaka huo wa 1967. Katika Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Neno moja linabeba yote mawili. Mti unaochongwa ngoma hizo huitwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Upigaji wake uliandamana na mambo ya mfalme na sikukuu ya Umuganuro, ya kufungua msimu wa kupanda mtama, na koo maalumu, kama ile ya Gishora karibu na Gitega, zilikabidhiwa kazi ya kuzitunza. Haikuwa mali ya kila mtu, wala haikuwa mali isiyo na mwenyewe. Lakini tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ulifutwa na jamhuri ikatangazwa. Mtafiti alipofika na mashine yake, utawala uliokuwa ukizilinda ngoma hizo ulikuwa umeondoka karibuni tu, na sheria ambayo ingelinda sanaa za jadi ilikuwa haijaandikwa. Burundi iliziingiza sanaa hizo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 1978, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo za Afrika kufanya hivyo. Kati ya 1966 na 1978 palikuwa na mlango wazi wa miaka 12, na muziki mwingi ulipitia hapo.

Mwaka 1971 mwanamuziki aliyejiita Burundi Steiphenson Black, ambaye hakuwa Mrundi, alitoa santuri ndogo iliyoitwa "Burundi Black". Aliichukua rekodi ya 1967, akaweka juu yake piano na gitaa. Santuri iliingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mkubwa wa Kanada, alichukua kipande cha ngoma hizo, akakifanya kitanzi kinachojirudia chini ya sauti yake na kinanda cha umeme katika "The Jungle Line". Yeye walau aliitaja Burundi kwenye jalada, ingawa aliwaita wapigaji hao ngoma za wapiganaji, jambo ambalo mzee wa Gishora angelicheka: ngoma za ufalme na za mbegu zimegeuzwa kuwa za vita. Mwaka 1981 "Burundi Black" ikatolewa upya, na katikati ya miaka hiyo makundi ya vijana wa London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, yaliuiga mpigo wake hadi ukawa sauti ya msimu mzima. Mhakiki Robert Palmer aliliibua suala la wapigaji wa asili katika gazeti la The New York Times mwaka huohuo: fedha zilikuwa zikipatikana, wao hawakuzipata.

Nimeisikiliza "Burundi Black" mara nyingi, na ni haki niseme ninachokisikia kabla ya kuihukumu. Ngoma zinaanza peke yake. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na abatimbo atatambua mpangilio: amashakwe yanashikilia mpigo usiokatika, ibishikiso vinafuata kwa pamoja, na inkiranya, ngoma ya katikati, inatoa amri. Kisha piano inaingia, inapiga sauti chache zilezile, na gitaa linaifuata. Piano haimsikilizi inkiranya. Mpigaji wa katikati anapobadilisha mwelekeo, kundi lote linageuka naye, lakini piano inaendelea na njia yake kama mgeni anayezungumza huku mwenyeji akisali. Kisanaa, ni kazi isiyo na mazungumzo. Aliyeiunda hakulazimika kuzungumza na mtu. Alikuwa na rekodi, na rekodi haijibu.

Mapokeo yetu ya ushairi yana kipimo cha kuihukumu kazi ya namna hiyo. Katika takhmisi, mtunzi wa pili huchukua mishororo miwili ya mtunzi wa kwanza na kuitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Sayyid Abdalla bin Nasir alifanya hivyo katika tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, na hadi leo tunaiita Takhmisi ya Liyongo. Jina la yule wa kwanza ndilo lililobaki kwenye kichwa cha kazi. Kuchukua, kwa hiyo, hakujawahi kuwa kosa kwetu. Aliyechukua alilazimika kufanya mambo mawili: kumsikiliza aliyemtangulia hadi vina vikubaliane, na kumtaja. "Burundi Black" haikutimiza hata moja. Iliweka jina la nchi mahali pa majina ya watu, na jina la nchi halilipwi mrabaha.

Je, huo ulikuwa uharamia? Kisheria mtu atapata taabu kuthibitisha. Hata nchini Ufaransa kwenyewe, waigizaji na wapigaji muziki hawakuwa na hakishiriki zilizoandikwa katika sheria hadi tarehe 3 Julai 1985. Mnunuzi wa London mwaka 1971 aliingia dukani, akatoa fedha zake, akapewa risiti. Alitenda kila jambo ambalo kampeni ya 1981 ingemtaka atende, na fedha zake hazikufika Burundi. Kwa kipimo cha "je, umelipa?", mnunuzi huyo ni msafi na kijana wa Buyenzi ni mwizi. Kwa kipimo cha "nani kalipwa?", wote wawili wamesikiliza jasho la mtu asiyelipwa. Tofauti yao ni risiti.

4.0 Wimbo uliosifu kunakili

Historia wakati mwingine hupanga kejeli ambazo mwandishi wa riwaya angeogopa kuzibuni. Mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya fuvu la kaseti, Bow Wow Wow walitoa wimbo ulioitwa "C-30, C-60, C-90, Go!" Majina hayo ni urefu wa kaseti tupu kwa dakika. Wimbo unamsifu msichana anayerekodi nyimbo kutoka redioni kwa kaseti na haoni sababu ya kununua santuri. Ulitolewa pia kwa kaseti, na upande wa pili ukaachwa mtupu ili mnunuzi arekodi anachotaka. Makampuni hayakufurahi. Na mpigo uliobeba wimbo huo wa kutetea unakili wa bure ulikuwa mpigo wa Burundi.

Watetezi wa uhuru wa kunakili huutaja wimbo huo kama shairi la ukombozi: msikilizaji amejitwalia chombo. Kwa upande mmoja wako sahihi. Kaseti ilimfikisha mwanamuziki wa Kisumu Bujumbura, na wa Bujumbura Tabora, wakati ambapo hakuna duka la santuri lililojali njia hiyo. Lakini uhuru ulioimbwa pale ulikuwa uhuru wa msikilizaji dhidi ya kampuni, na vita hivyo vilipiganwa juu ya mgongo wa mtu wa tatu ambaye hakuna upande uliomuuliza. Kampuni ililalamika kwamba vijana wanaiibia, na vijana wakajibu kwamba kampuni ni bahili. Mpigaji wa inkiranya hakuwa katika ugomvi huo, ingawa ndiye aliyekuwa akisikika.

Jambo hili linanizuia kukubaliana na hoja inayotolewa mara nyingi katika mikutano yetu, kwamba Mwafrika anayepakua bure anajilipa fidia kwa yale aliyotendewa. Hoja hiyo ina utamu wake. Tatizo ni kwamba kijana wa Buyenzi hapakui nyimbo za Steiphenson. Anapakua za Kidum, yaani Jean-Pierre Nimbona, mtoto wa Bujumbura aliyekwenda Nairobi wakati wa vita na kujenga jina huko kwa Kirundi na Kiswahili. Anapakua za msichana wa Ngagara aliyeimba wiki iliyopita katika studio ya chumba kimoja. Dhuluma ya London hailipwi kwa jasho la Ngagara. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

5.0 Kurudi kibandani

Turudi basi Buyenzi tukiwa na kipimo kipya. Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba neno "bure" halifai. Mteja wa kibanda amelipa. Amelipa kibanda, na kabla ya hapo amelipa kampuni ya simu kwa vifurushi vya intaneti vilivyotumika kuzipakua nyimbo hizo, na aliyeuza kadi ya kumbukumbu, na umeme. Katika mlolongo huo mrefu kila mkono umepokea kitu isipokuwa mkono uliopiga gitaa. Tukimwita mteja huyo mwizi tunamkosea, na zaidi ya hapo tunawaficha wapokeaji wote walio katikati, ambao baadhi yao ni makampuni makubwa yenye leseni na ofisi nzuri.

Jambo la pili ni kwamba wanamuziki wenyewe wana sauti mbili. Msanii chipukizi wa Bujumbura huupeleka wimbo wake mwenyewe kwa watangazaji wa redio na kwa wenye vibanda, akiwaomba wausambaze. Anajua kwamba ukisikika kwenye pikipiki na kwenye mabasi ya Kinama, ataitwa kwenye harusi na maonyesho, na huko ndiko anakopata chakula. Kwake kibanda ni kipaza sauti. Msanii aliyekwisha kuzeeka, asiyeweza tena kusimama jukwaani saa tatu, anakitazama kibanda kilekile kama mdomo unaomla. Sioni sababu ya kumwambia mmoja wao kwamba anakosea. Kinachotofautiana ni ridhaa: wa kwanza ametoa, wa pili amechukuliwa. Sera inayokifunga kibanda inamziba wa kwanza mdomo bila kumlipa wa pili.

Jambo la tatu, ambalo naliona zito zaidi na ambalo wataalamu wa sheria hulipita haraka, ni majina. Katika kompyuta za vibanda nimeona mara nyingi faili za nyimbo zisizo na mwimbaji: "Wimbo 07", "Mpya kali", au jina la tovuti ya upakuaji mahali ambapo lingekaa jina la mtu. Ni kalamu ya wino ya kaseti yangu katika umbo la kidijitali, na ni mbaya zaidi, kwa maana yule wa kalamu alijaribu. Msikilizaji asiyejua anamsikiliza nani hawezi kumlipa hata akitaka, hawezi kumwalika, hawezi kumlilia akifa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapigaji wa 1967. Walipotelewa na majina kabla ya kupotelewa na mrabaha.

Anayeijua taarabu ya pwani anajua desturi ya kutunza: msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, hujongea jukwaani taratibu, akamkabidhi mwimbaji noti mkononi. Hakuna anayemlazimisha, lakini asiyetunza kabisa, usiku baada ya usiku, watu humwona. Desturi hiyo ilikuwa na kitu ambacho sheria ya hakimiliki haijawahi kukifikia: deni na malipo vilionana uso kwa uso. Rekodi ilivitenganisha. Kwa miongo mingi tulisema hakuna njia ya kuvikutanisha tena. Kauli hiyo haina nguvu tena katika mji ambao mtu hununua samaki wa ziwani kwa Lumicash. Njia ya fedha ipo. Kinachokosekana ni anwani iliyo kwenye wimbo.

6.0 Sheria iliyopo na fedha zinakokwenda

Burundi haina upungufu wa maandishi. Ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya tarehe 30 Desemba 2005, ina ofisi ya hakimiliki, OBDA, na mwaka 2016 ilijiunga na Mkataba wa Berne. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika ibara ya 43 zishirikiane katika hakimiliki na katika ulinzi wa sanaa za jadi. Aliyesema tatizo letu ni ukosefu wa sheria hajazisoma.

Tatizo linaonekana tukifuatilia fedha. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti juu ya maonyesho ya ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu. Waandaaji wa maonyesho yasiyo ya kiserikali walitakiwa kupata kibali cha wizara inayohusika na utamaduni na kulipa faranga 500,000 katika hazina ya serikali. Wanawake walikatazwa kuzipiga. Sitalijadili hapa katazo la wanawake, ambalo linastahili makala yake. Nalitazama lile la malipo. Nia ya kulinda heshima ya ngoma naielewa, hasa baada ya mkasa niliousimulia. Hata hivyo, mwelekeo wa fedha ni uleule wa santuri ya 1971: ngoma inalia, malipo yanatolewa, risiti inaandikwa, na mpokeaji ni mwingine. Taifa limekaa mahali pa mpigaji, kama jina "Burundi" lilivyokaa mahali pa majina yao kwenye jalada.

Washauri wa sera waliomo miongoni mwa wasomaji watauliza ni kipi basi kifanywe. Kuna njia moja ambayo mantiki yake inakubaliana na dhana ya dhuluma ya ujira. Sheria ileile ya Ufaransa ya Julai 1985 iliyowapa wapigaji hakishiriki iliweka pia tozo juu ya kaseti tupu. Ujerumani ilikuwa imeitangulia tangu 1965 kwa tozo juu ya mashine za kurekodia, na sheria ya Kenya nayo ina kifungu cha namna hiyo. Nchi hizo zilikubali kwamba watu watanakili. Badala ya kumfuata kila mmoja chumbani kwake, ziliweka deni kwenye chombo kinachonakilia, na robo ya mapato ya Ufaransa ikatengwa kusaidia ubunifu na maonyesho. Tozo ndogo juu ya kadi za kumbukumbu na simu zinazoingia kupitia bandari ya Bujumbura na mpaka wa Kobero ingefanya jambo hilohilo. Vibanda navyo vingeweza kusajiliwa na kupewa leseni nafuu kwa sharti moja: kila faili libebe jina la mwimbaji, la mtunzi na namba ya malipo.

Naipendekeza njia hii kwa tahadhari, na tahadhari yenyewe ni kubwa kuliko pendekezo. Tozo inayokusanywa kabla ya orodha ya majina kuwepo itakwenda wapi? Itakwenda hazina, au kwa wachache ambao nyimbo zao zinapigwa redioni na kuhesabika, na mwimbaji wa nyimbo za harusi wa Kinama atakuwa amechangia tozo kwa kila kadi anayoinunua bila kupokea faranga. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ndio sera yenyewe. Orodha itangulie tozo. OBDA na vyuo vyetu vinaweza kuianza bila fedha nyingi: wanafunzi wa isimu na fasihi wakae vibandani, wasikilize, waulize, waandike nani aliimba nini na nani alimpigia. Wimbo wa Kiswahili ulioimbwa Bujumbura husikika Uvira siku hiyohiyo, hivyo orodha isiyovuka mpaka haitafaa kitu. Ibara ya 43 inatoa nafasi ya kuifanya ya kikanda.

Na orodha hiyo isianzie leo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipopiga mbele ya mashine ya mtafiti mwaka 1967 anakaribia umri wa miaka 80 sasa. Baadhi ya wenzake bila shaka wamefariki. Wana watoto, na watoto hao wanajua baba yao alisimama upande gani wa inkiranya. Santuri ipo, inasikilizika hata kwenye simu. Mtafiti anaweza kuichukua, apande basi hadi Gitega, azunguke katika vijiji vyenye koo za wapigaji, aicheze mbele ya wazee na kuuliza ni akina nani hao.